Mdomo Hauna Mhuri

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Habari kubwa! Shirika moja linalohudumia wakimbizi linatafuta fundi wa kupika sabuni ya mawese kwa ajili ya kambi za Kasulu. Watu wake watapita mtaani kwetu Buzebazeba wiki hii kukagua. Na mafundi wa sabuni Buzebazeba tuko wawili tu. Mimi, Selestini, na yule Zénon Hatungimana, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mrundi aliyekimbilia huku mwaka sabini na mbili. Mpole mno. Simwamini mtu mpole namna ile.

Nimeweka mche wangu wa sabuni na mche wake mezani, nikalinganisha. Niseme kweli, maana shajara haina masikio. Wa Zénon ni mgumu, umenyooka, una povu. Wangu umeinama. Nimeusimamisha. Umeinama tena. Mke wangu Eufrasia kapita, kautazama, kasema hata sabuni yenyewe imenichoka.

Kanikumbusha pia ahadi yetu. Kazi hii ikinishinda kama ilivyonishinda ya kufuga bata na ya kukodisha baiskeli, nakwenda Ilagala kumsaidia kaka yake Feliksi kubanika samaki. Feliksi! Ananiita Profesa mbele ya watu!

Nimepiga hesabu. Kuifanya sabuni yangu iwe nzuri ni kazi ya miezi. Kulifanya jina la Zénon liwe baya ni kazi ya jioni moja. Nimekata maboksi ya majani ya chai, nikaandika kwa mkaa: ONYO! SABUNI YA ZÉNON INACHUBUA NGOZI. Herufi nzuri. Alfajiri nayabandika sokoni Mwanga.

Eufrasia kasoma. Kisha kaniuliza kama naijua njia ya kwenda mahakamani, maana ndiko mabango haya yanakonipeleka. Kasema nisibandike kitu kabla sijamwona Mzee Mwinshehe.

Wanawake na hofu zao! Lakini nitakwenda. Kahawa ya Ujiji ni nzuri.

Jumanne, 7 Oktoba

Mzee Mwinshehe alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Siku hizi anakaa kwenye kijiwe cha kahawa Ujiji, na kesi zinamfuata hapo hapo. Nimempa shikamoo yangu, nikamwagizia kahawa na kashata, nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki yangu mmoja. Kaniuliza kama huyo rafiki naye anapika sabuni. Mzee mkali!

Kanieleza vizuri. Kashfa ni kumshushia mtu heshima mbele ya watu kwa jambo la uongo. Ina njia mbili. Kuna ya maandishi: gazeti, barua, bango, hata picha. Hiyo inakaa. Leo ipo, kesho ipo, mjukuu wako ataisoma. Kwa hiyo sheria haimsumbui aliyekashifiwa. Akionyesha bango tu, yatosha. Hahitaji kueleza kapoteza nini. Halafu kuna ya mdomo. Hiyo inatoka na kupotea. Mwenye kulalamika lazima athibitishe hasara: kapoteza mteja gani, kazi gani.

Nilisimama hapo hapo. Yaani mdomo ni bure! Mdomo hauna mhuri! Mzee kainua kidole, kasema, "Isipokuwa, mwanangu, katika mambo manne..." Lakini nilikuwa nimeacha pipa la mawese motoni. Nimemwambia hizo isipokuwa zake nitazifuata siku nyingine. Nimeondoka mbio.

Mabango nimeyatia chini ya pipa. Yamewaka vizuri kuliko kuni. Eufrasia kafurahi, kadhani nimeokoka.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwandiga. Siku tamu! Pale barabarani yuko Leonia, muuza ndizi mbivu. Ukimwambia Leonia neno asubuhi, linafika Kasulu kabla ya basi.

Na mimi si mjinga. Sikutaja jina. Kujihadhari ni akili. Nimemwambia, kwa siri kubwa, kwamba kuna fundi mmoja wa sabuni kule Buzebazeba ana upele wa kuambukiza, mikono yote miwili, na sabuni anakoroga kwa mikono hiyo hiyo. Leonia kashika kifua. Kaapa kwa marehemu mama yake kwamba hatamwambia mtu. Nikajua kazi imekwisha. Leonia akiapa, habari imeshapanda gari.

Nimerudi nikiimba. Hakuna karatasi, hakuna jina, hakuna kesi. Wasomi wenye digrii wasingeweza kulipanga hili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa!

Asubuhi mama muuza chapati karudisha mche wake. Kauweka chini mlangoni, kwa kijiti. Wakafuata wengine. Kufika adhuhuri sabuni zimejaa barazani kwangu, na kila anayezileta ananitazama mikono. Mmoja kaniletea majani ya mwarobaini, kaniambia nisione haya, magonjwa ni ya binadamu wote.

Fundi mmoja wa sabuni wa Buzebazeba. Nilivyosema ndivyo walivyosikia. Ila Zénon huvaa glavu za mpira siku zote, mtaa mzima unajua. Anayekoroga mikono mitupu ni mimi. Na juzi mbu waliniuma, nimekuwa nikijikuna hadharani kama mbwa wa sokoni.

Jioni kabisha hodi nani? Zénon! Kasema amesikia naumwa. Kaniletea kikopo cha dawa ya kupaka. "Pole sana, jirani. Révérienne amekuchemshia mwenyewe." Révérienne ndiye mkewe. Kisha kauliza kama nahitaji mtu wa kunikorogea sabuni mpaka nipone.

Huyu mtu hana haya hata kidogo! Kunionea huruma ndani ya nyumba yangu!

Kosa langu nimeliona. Kosa ni kutotaja jina. Kesho nataja. Jina na ubini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Erasto ni mpiga matangazo. Ana baiskeli yenye kipaza sauti na betri ya gari. Anatangaza mikutano ya injili, dagaa walioshuka, mbuzi waliopotea. Nimemwambia nina tangazo la manufaa kwa umma. Nimejiuliza kidogo kama kipaza sauti ni mdomo au ni maandishi. Nikajijibu: betri haijui kuandika. Ni mdomo.

Nimeshika maikrofoni mwenyewe, pale kwenye kona ya Buzebazeba. "Wananchi! Zénon Hatungimana, fundi sabuni! Mawese yake ni ya wizi! Sabuni yake haifai kufulia hata gunia! Na kibali cha kuishi mjini hana!" Sauti safi. Sikujua kama nina sauti namna ile. Nimesema mara moja tu, nikarudi nyumbani kuiacha ipeperuke.

Haikupeperuka. Mchana naisikia upande wa Mwanga. Baadaye mtu anatoka Kibirizi ananiambia kanisikia huko pia. Mwisho ikapita mbele ya nyumba yangu. Sauti yangu! Na mimi nimekaa kwenye kigoda, mdomo umejaa ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka! Eufrasia kaacha kutafuna.

Nimetoka mbio, nikamshika Erasto baiskeli. Kashangaa. Kasema ndivyo anavyowafanyia wateja wote, anawarekodi kwenye kaseti ili kulinda koo. Kwaya upande mmoja, mimi upande wa pili. Kasema ametembea na mimi tangu asubuhi, na kwamba natoka vizuri.

Ujiji, mbio. Mzee Mwinshehe alikuwa ameshanisikia. Mara mbili. Kasema kilichorekodiwa kinakaa, na kinachokaa ni ndugu wa maandishi. Kwa hiyo nimejiandikia kashfa kwa sauti yangu mwenyewe. Kisha kasema hata kaseti ingekuwa haipo, nilipaswa kuisubiri ile isipokuwa. Kuna mambo manne ambayo ukiyasema hata kwa mdomo mtupu, mwenzako hahitaji kuthibitisha hasara. La kwanza, kumsingizia kosa la kumpeleka jela. La pili, kumsingizia ugonjwa wa kuambukiza. La tatu, kumharibia kazi yake. La nne, kumsingizia mwanamke uasherati.

Nimehesabu kimoyomoyo. Wizi wa mawese. Upele. Gunia. Mzee naye, ambaye hata lile la Leonia lilikuwa limemfikia, alikuwa anahesabu, kwa vidole, wazi wazi. Kasema miaka yote aliyokaa mahakamani hajaona mtu anayamaliza matatu kwa wiki moja. Kauliza hili la nne nimelipangia siku gani.

Waliokuwepo wakacheka. Mzee mwenyewe hakucheka sana. Kainama kwangu, kasema siku hizi mgambo wanapita nyumba kwa nyumba kuwakusanya Warundi wanaokaa nje ya kambi. "Hayo mengine ni ya fidia, Selestini. Hili la kibali ni maisha ya mtu."

Nimekula kidogo leo. Labda ni ule mgebuka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Eufrasia alikwenda mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa nakoroga. Lori likasimama nje. Nikajua: shirika! Nimebadili shati upesi, nimejifuta mikono, nimetoka nikitabasamu. Walioshuka walikuwa na virungu. Sikulitilia maanani, wageni wakubwa hutembea na walinzi. Kiongozi wao kauliza kama mimi ndiye fundi sabuni wa Buzebazeba.

Nimemjibu kwa nguvu zote, "Ndiyo! Ni mimi, na mwingine hakuna! Yule mwingine mpiteni tu!"

Kasema vizuri. Panda.

Nimepanda. Kwa furaha nimepanda! Nikawaomba nirudi kuchukua mche mmoja wauone. Mgambo wakacheka. Ndipo nilipowatazama waliokuwa wamekaa ndani. Hao hawakucheka. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika sufuria mapajani, bado ina maharage, alivyotolewa jikoni ndivyo alivyopakiwa. Nikaelewa.

"Mana yanje!" nimemwita Mungu wangu kwa kelele. Na mengine mengi, yote kwa Kiha, maana nikiogopa Kiswahili hunikimbia. Kiongozi kawageukia wenzake, kawaambia mnasikia, Kirundi hicho. Nimemwambia hapana, ni Kiha, Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Kasema basi ndugu zangu wananisubiri kambini. Kaniomba kadi ya kupigia kura. Kadi yangu niliikunja kuinulia mguu wa meza. Nimemweleza hivyo. Ukweli mtupu! Hakuniamini.

Tumeshushwa uwanja wa mpira, tukakalishwa juani. Yule mwanamke mwenye sufuria kaniuliza polepole kama nina mtu wa kunisemea. Yeye yuko Ujiji tangu msichana, kasema, lakini waliokuwa wanamjua wengi wamekufa. Nimemwambia wangu wapo tele. Kisha nikaanza kuwafikiria. Wateja? Wamenirudishia sabuni. Feliksi? Yuko Ilagala, na angefurahi. Nikaacha kufikiria. Kanipa maharage kidogo, kwa mfuniko. Nimekula.

Jua limeshapinda ndipo nikaona baiskeli inaingia uwanjani. Anayeendesha ni Zénon. Aliyekaa nyuma ni Eufrasia, na sare yake ya kwaya! Alikuwa amekuta pipa linaungua na mimi sipo. Kakimbilia nyumba ya tatu.

Zénon alikuwa na cheti chake cha uraia, cha mwaka themanini, kakifunga ndani ya nailoni. Kakitoa polepole. Nikaona kwamba kwa mtu kama yeye kuingia uwanja ule kwa hiari yake, siku ile, halikuwa jambo dogo. Kiongozi kakisoma mbele na nyuma, kisha kaninyooshea kirungu, kauliza kama ananijua.

Zénon kanitazama muda mrefu. Mrefu mno, kwa maoni yangu.

"Namjua," kasema. "Ni jirani yangu. Ni mwongo tangu siku ya kwanza niliyomfahamu. Lakini ni Muha wa hapa hapa, na babu yake amezikwa Mwandiga. Mwachieni."

Kiongozi kauliza, iweje Mrundi amdhamini Mtanzania?

"Mimi ni Mtanzania kwa cheti," kasema Zénon. "Yeye ni Mtanzania kwa bahati."

Uwanja mzima ukacheka, hata waliokaa chini. Wakaniachia. Zénon hakuondoka. Karudi kumsemea na yule mwanamke wa sufuria, kasema kwa heshima, kasema tena. Wakamwambia atosheke na mmoja. Lori lilipoondoka yule mwanamke alikuwa amekaa pembeni, ile sufuria mapajani. Mfuniko wake nilikuwa nao mimi. Nimekimbia nao nyuma ya lori mpaka pumzi zikaisha.

Sina la kuongeza hapo.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya kanisa Eufrasia kanishika mkono mpaka kwa Zénon. Nilitayarisha hotuba, lakini Révérienne alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, hotuba ikapotea. Nimesema tu nisamehe. Kwa Kiha. Wamenielewa.

Erasto alikuwa amempa Zénon ile kaseti. Ilikuwa mezani, karibu na birika. Zénon kasema anaweza kwenda nayo baraza la kata kesho, na Mzee Mwinshehe amemthibitishia kwamba hana haja ya kusema neno, abonyeze tu. Lakini hataki fidia yangu. Fidia yangu ingekuwa nini, kauliza, sabuni? Anataka jambo moja: nirekodi ukweli juu ya kaseti ile ile, upite njia ile ile.

Nimerekodi. "Mimi Selestini nilisema uongo. Zénon si mwizi. Ni raia. Sabuni yake ni nzuri." Nilijaribu kulimeza neno la mwisho. Erasto karudisha kaseti nyuma, kasema upya, baba, halikutoka. Nimesema upya. Jioni nzima nimejisikia nikipita mtaani nikijiita mwongo. Watoto wamejifunza, wanaimba.

Na lililobaki ndilo kubwa. Watu wa shirika walishapita, tangu Ijumaa, nilipokuwa Ujiji kwa Mzee! Wamemchagua Zénon. Lakini sabuni wanayotaka ni nyingi kuliko pipa lake, na kasema tupike pamoja, kwa sharti kwamba kostiki, ile dawa kali ya sabuni inayochoma, anapima yeye na glavu nazivaa. Eufrasia kalia kwa furaha. Siendi Ilagala! Feliksi atafute Profesa mwingine!

Nimemshika Zénon mkono kwa mikono yangu yote miwili. Mtu mwema. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeamka na neno moja kichwani. "Mwongo."

Kalisema Zénon. Uwanja wa mpira, mbele ya halaiki, mgambo wakiwa mashahidi! Kwa mdomo, sawa. Lakini tangu jana mimi ni mpishi wa sabuni ya wakimbizi, mtu wa kuaminiwa, na neno hilo linaigusa kazi yangu. Isipokuwa ya tatu hiyo! Hasara haihitaji kuthibitishwa! Mtu mwema ni mtu mwema, lakini sheria ni sheria.

Nimemwambia Zénon nina udhuru, nimeshuka Ujiji. Mzee Mwinshehe kanisikiliza, kafumba macho, kakaa hivyo mpaka nikadhani kalala. Kisha kasema kuna jambo hajanifundisha. Ukweli ni kinga. Aliyesema kweli hana kashfa, awe kaandika, kasema au kaimba. Na jana mji mzima umenisikia kwa kipaza sauti nikikiri kwamba nilisema uongo.

Nimemwambia hilo nalo halikuwa kweli.

Mzee kaagiza kahawa nyingine, kavu, bila kashata.

Lakini njia kanionyesha bila kujua. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba mimi ni mkweli. Mashahidi tu! Nikapitia Mwandiga kabla ya kurudi, na mmoja nimeshampata. Anaitwa Bonaventura, kinyozi. Amekubali kuapa mbele ya baraza la kata kwamba ananijua tangu utotoni na hajawahi kunisikia nikisema uongo. Tumefahamiana leo, nilipokaa kunyolewa. Nimemfundisha maneno yote, na mahali pa kunyamaza, na mahali pa kutikisa kichwa. Ile sehemu ya mimi na yeye tukirudisha mbuzi wa mjane mvuani kaisema vizuri mno, mpaka nami nimeikumbuka.